Nani Anasikiliza Kiapo? Kwa Wanaoanza Kuandika Hadithi za Uchawi

Miswada ya waandishi chipukizi ninayoisoma hapa Kampala ina ugonjwa mmoja. Shujaa anaapa sura ya tatu, kiapo kinambana sura ya kumi, halafu ghafla tunaambiwa hakikushika kwa sababu siku ile mwezi haukuwa mpevu. Huo si mwanya wa kukikwepa kiapo, ni kumpunja msomaji. Mwanya halali umo ndani ya maneno ambayo msomaji aliyasikia akayapita.

Kwa hiyo kabla hujamwapisha mtu, amua nani anasikiliza. Kama ni nguvu isiyo na akili, itashika maneno kama yalivyotamkwa: aliyeapa kutoinua mkuki atatia sumu kwenye tonto, pombe ya ndizi, na hakuna litakalompata. Kama ni mzimu, huo unasoma nia, na ujanja wa maneno hautafua dafu. Usichanganye viwili hivyo. Shailoki, mkopeshaji katika Mabepari wa Venisi, tamthilia ya Shakespeare katika tafsiri ya Nyerere ya 1969, ananaswa na mkataba uliotaja nyama ya mwili wa mdeni bila kutaja damu, nasi tunakubali kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyeng'ang'ania mkataba ufuatwe neno kwa neno.

Chukua Jinja, mji wa Uganda kando ya mto Nile. Ukoo unaapa: "Hatutagusa ardhi yenu maadamu maporomoko haya yananguruma." Walioapa walimaanisha milele. Mwaka 1954 bwawa la Owen Falls linakamilika, maporomoko ya Ripon yanazama chini ya maji. Mjukuu anaamka, mto kimya, anachukua panga na kamba ya kupimia. Msomaji hana pa kulalamikia. Ngurumo alikuwa akiisikia tangu ukurasa wa kwanza.

Binafsi napenda zaidi miiko inayogongana. Cú Chulainn, shujaa wa masimulizi ya kale ya Ireland, alikatazwa kula nyama ya mbwa, na alikatazwa kukipita chakula cha aliyemkaribisha. Vikongwe watatu wakamwokea mbwa kando ya njia. Akila amevunja, akikataa amevunja. Na sisi malighafi tunayo: katika omukago, kiapo cha udugu cha Buganda, watu wawili walikula buni ya kahawa iliyopakwa damu yao wakawa ndugu, na udugu huo ukawafunga jamaa zao pia. Mpe mhusika wako ndugu wa omukago ng'ambo ya mpaka, mwapishe kwa mfalme wake upande huu, kisha lete vita. Mwezi mpevu hutauhitaji tena.

Kuna na bei, ambayo wengi huisahau. Kama kiapo hakivunjiki na hakigharimu kitu, mbona mfalme hajawaapisha mawaziri, wezi na mashahidi wote? Magereza ya nini? Sema basi kila kiapo kinamng'oa jino anayeapisha. Sasa mfalme atachagua. Mhazini, lazima. Mpishi, labda. Shemeji yake anamwacha kwanza, maana meno yamebaki manne, na shemeji ameshaligundua hilo.