Diwani kijana: ubunge sasa au baadaye?

Mdogo wangu, umesema huu ni mwaka wako wa kwanza kama diwani wa jiji, na tayari watu wanakusukuma ugombee ubunge. Nakuomba usiharakishe.

Omba kuingia kamati ya fedha. Wengi huikwepa kwa sababu ya makaratasi, lakini huko ndiko inakoamuliwa barabara ipi itengenezwe na ipi isubiri. Soma bajeti ukiwa na taarifa ya mkaguzi wa hesabu ya mwaka uliopita mkononi. Palipotengwa fedha na kazi haikuonekana, hapo ndipo pa kuuliza. Uliza kikaoni, si kwenye korido, ili swali na jibu viingie kwenye muhtasari. Na kanuni za vikao zijue vizuri, maana hoja njema hufa kwa kuwasilishwa vibaya.

Kuhusu subira, mwangalie Michelle Wu wa Marekani: alichaguliwa kuingia baraza la jiji la Boston mwaka 2013 akiwa na miaka 28, akawa rais wa baraza hilo 2016, na umeya akaupata katika uchaguzi wa 2021. Miaka minane!

Linaloniumiza zaidi ni zabuni. Ndugu yako akiomba kazi ya jiji, tangaza maslahi yako na utoke chumbani kabla ya mjadala. Nimeona vijana wenye vipaji wakimalizwa na hilo tu.

Wananchi wa kata wapangie siku moja ya wiki, saa ileile, mahali palepale. Andika daftarini shida ya kila mtu na tarehe uliyompa jibu, hata kama jibu ni kwamba imeshindikana.

Ubunge tuuzungumze ukikaribia kumaliza muhula.