Bweni la wavulana: fungua matokeo kabla ya kufungua pochi

Msimu wa mabango ya "nafasi za kidato cha kwanza" ukifika, simu yangu haipumui. Haya ni maswali ya wiki hii. Mengine nimeyafupisha, maana kuna waliosimulia ukoo mzima.

Mwanangu kamaliza darasa la saba. Kuna shule binafsi ya bweni ya wavulana, bango lake linasema "Daraja la Kwanza wote, ya kwanza Kanda ya Ziwa". Ada ni nzito ila tutajibana. Niamini? – Mama, Buhongwa

Dada yangu, anza na hilo la "ya kwanza". NECTA, Baraza la Mitihani, iliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi bora Januari 2023. Baada ya hapo, anayejiita wa kwanza muulize nani kampanga.

"Daraja la Kwanza wote" nayo inahitaji kufunuliwa. Daraja la kwanza la kidato cha nne linaanzia pointi 7 mpaka 17, zikijumlishwa za masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. Mwenye A saba na mwenye B nne na C tatu wote wameandikwa daraja moja kwenye bango, lakini mlango wa kidato cha tano hawauingii kwa nguvu ileile.

Sasa fanya kazi ambayo wazazi wengi hawaifanyi, na ni bure. Ingia tovuti ya NECTA, fungua matokeo ya kidato cha pili ya shule hiyo, tuseme ya mwaka 2022. Hesabu watahiniwa. Kisha fungua kidato cha nne cha 2024, shule ileile. Hao ni vijana walewale, miaka miwili baadaye. Wakiwa 90 kule na 86 huku, sawa, watoto huhama, wengine huugua. Wakiwa 90 kule na 55 huku, uliza wale 35 wamekwenda wapi. Kuna shule huchuja: asiyefikisha wastani anaambiwa atafute kwingine, au asajiliwe kituo kingine cha mtihani, ili bango libaki safi. Rudia zoezi kwa miaka miwili au mitatu kabla hujahukumu.

Mwanao ukimjua ni wa katikati darasani, na wengi wa watoto wetu ni wa katikati, basi hiyo hesabu ina maana kwako kuliko idadi ya daraja la kwanza. Mimi shule iliyopokea 80 ikatoka na 78, wakiwamo wenye daraja la tatu, naiheshimu zaidi. Tena ukiwa hapohapo, shuka kwenye jedwali la masomo uone wangapi wamefanya Fizikia na Kemia. Shule inayojiita ya sayansi halafu Fizikia wamefanya kumi na wawili tu, hiyo sayansi iko kwenye rangi ya ukuta.

Wa kwangu yuko darasa la tatu. Mimi na mama yake tunasafiri sana kibiashara. Naweza kumpeleka bweni sasa hivi azoee? – Baba, Igoma

Hapana. Tangu 2023 serikali imezuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu. Shule inayokubali kumpokea kimyakimya imeshakuonyesha tabia yake. Tafuta bibi, shangazi, au punguzeni safari kwa zamu.

Mjukuu wangu kila redio inayoharibika anaifungua. Mwalimu wake anasema ufundi ni wa walioshindwa, apelekwe sayansi. Nasikia pia siku hizi kuna "amali". Nieleweshe. – Mzee, Nansio

Shikamoo mzee wangu. Huyo mwalimu amechelewa basi. Bwiru Wavulana, pale Ilemela, ni shule ya serikali ya ufundi, na miaka yote kijana wa ufundi amesoma hesabu na fizikia kama mwenzake, akaongeza na kazi ya mikono. Si mahali pa kutupia watoto. Ila ujue nafasi ya bweni la serikali hainunuliwi: kidato cha kwanza hupangwa na TAMISEMI, ofisi ya serikali za mitaa, kwa ufaulu wa darasa la saba. Akitokea mtu Nansio akakwambia ana "njia" ya Bwiru, mnunulie chai umuage.

Amali ni mkondo ulioanza Januari 2024 na mtaala mpya, katika shule zilizoteuliwa za serikali na binafsi. Mtoto anasoma masomo ya jumla pamoja na fani: umeme, ujenzi, ushonaji, kilimo na nyinginezo. Kundi la kwanza litafika kidato cha nne 2027, kwa hiyo kwa mkondo huu hata ile hesabu niliyompa dada wa Buhongwa haitusaidii bado. Hapa tegemea macho. Omba uingizwe karakana siku ya masomo, si siku ya mahafali. Angalia jiliwa, kile chuma cha kubania kazi: meno yake yanang'aa au yameshika kutu? Vijana wangapi wanaligombania moja? Mashine ya kuchomelea imechomekwa, au imefunikwa turubai? Muulize fundi amenunua paketi ngapi za vijiti vya kuchomelea muhula huu. Mwenye karakana hai atakujibu akilalamika kwamba havitoshi. Mwenye karakana ya maonyesho atakwambia ngoja tumuulize mkuu.

Na huko mbele, kwenye kidato cha tano, tahasusi, yaani michepuo ya masomo matatu matatu, zilifikishwa 65 mwaka 2024. Usivutiwe na shule iliyobandika nyingi getini. Tatu zenye walimu wa kudumu zinatosha kijana mmoja.

Mtoto wa mdogo wangu ni mtukutu mno. Tumefikiria seminari, Nyegezi au Makoko, anyooke. – Mama mkubwa, Kirumba

Mama mkubwa, seminari ndogo ni ya kumlea kijana anayeonyesha wito wa upadre, japo wengi huishia kuwa wahandisi na mawakili. Anaingia kwa kupitia paroko wake, na usaili. Paroko atauliza huyu kijana hutumikia misa? Mtajibuje? Hazikuwekwa kwa ajili ya kunyoosha watu. Kaeni naye kwanza, mjue utukutu unatoka wapi.

Shule tuliyoipenda iko ufukweni. Vijana wanaoga ziwani. Ni sawa? – Mzazi, Igombe

Si sawa. Ziwa letu lina kichocho cha tumbo, na vijidudu vyake hupenya ngozi dakika chache tu mtu akiwa majini penye konokono. Dawa ya prazikwanteli inatibu, haikingi. Akirudi majini anaambukizwa tena. Uliza kama shule inavuta maji na kuyahifadhi kwenye simtanki: yakikaa siku mbili bila konokono, vijidudu hivyo hufa na maji yanafaa kuogea. Kunywa ni habari nyingine, yachemshwe au yatiwe dawa.

Nikienda kutembelea, niangalie nini zaidi ya madarasa? – Baba, Sengerema

Bweni, tena usiku ukiweza. Madirisha mengi yana nondo zilizochomelewa kwa kuogopa wezi. Septemba 2020, moto wa bweni wilayani Kyerwa, Kagera, uliua watoto kumi. Kwa hiyo hesabu milango: ni miwili? Ufunguo wa usiku anao nani, na analala wapi? Patroni, mlezi wa bweni, akisita kujibu hilo, geuza gari.

Kisha uliza kitabu cha adhabu. Kanuni za 2002 zinataka viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au aliyemteua, na viandikwe. Na mvute pembeni njuka mmoja, yaani mgeni wa kidato cha kwanza, umuulize huwa anambebea nani ndoo ya maji. Jibu lake litakwambia kama kidato cha nne wanawatumikisha wadogo.

Mwanangu kapangiwa Ihungo, Bukoba, kidato cha tano, PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia). Tulitaka Nsumba awe karibu. Halafu si ilibomoka ile? – Shangazi yake ndiye naandika, Mabatini

Ilibomoka kwa tetemeko la Septemba 10, 2016, ikajengwa upya. Kwa hiyo majengo ni mapya. Kuhama kunaombwa, na kunategemea nafasi kule mnakotaka. Msianze muhula mkisubiri majibu. Aende. Safari yenyewe imepungua adha tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025: kilomita tatu mnazipita ndani ya basi, hakuna tena foleni ya kivuko. Ila nauli ya kwenda na kurudi kila likizo iwekeni pembeni mapema, pamoja na sweta. Bukoba asubuhi kuna baridi kuliko Mabatini.