Ngozi Inayopona na Kurudia: Miezi 18 na Mbwa Wangu Mzee

Shaba alikuwa na miaka 9 ngozi yake ilipoanza kutusumbua. Vilianza vipele vichache tumboni, vyenye usaha kidogo, ambavyo vikipasuka viliacha duara la magamba pembeni. Daktari wa mifugo alimpa antibiotiki na sindano ya kutuliza mwasho, na ndani ya siku kumi akawa mzima kabisa. Wiki sita baadaye vipele vikarudi, safari hii na harufu nzito kama ya nguo zilizolala na maji. Dawa ileile, akapona. Miezi miwili, vikarudi tena.

Tulizunguka hivyo kwa mwaka mmoja na nusu. Kila mara nilikuwa nauliza ni dawa gani itaviponya vipele hivi, na kila mara nilipewa dawa iliyoviponya kweli. Mpaka daktari mwingine, baada ya kumpapasa mgongoni kwa muda mrefu bila kusema neno, aliponiuliza: "Ngozi hii ilijilinda yenyewe miaka tisa. Nini kimebadilika?"

Swali hilo ndilo ningependa kila mwenye mbwa mzee aende nalo kliniki. Bakteria na fangasi wanaoleta vidonda hivi mara nyingi ni walewale wanaoishi juu ya ngozi ya mbwa mzima bila kumdhuru. Wanaongezeka pale ngozi inapolegea, na antibiotiki huwapunguza bila kugusa kilichoilegeza. Kwa mbwa kijana sababu kubwa huwa ni mzio wa vumbi, chavua na vitu vya namna hiyo, na kwa kawaida mzio huo huanza kati ya miezi 6 na miaka 3. Mbwa aliyefika uzeeni na ngozi safi halafu ikaanza kuharibika anastahili kutazamwa ndani ya mwili: tezi, homoni, kinga, hata saratani.

Lakini kabla ya kufika huko, hakikisha kuhusu viroboto. Mimi nilikuwa na hakika Shaba hana, kwa kuwa sikuwahi kumwona hata mmoja. Mbwa mwenye mzio wa mate ya kiroboto anaweza kujikuna kwa wiki nzima kwa kuumwa mara chache tu, na viroboto wakubwa walio mwilini ni sehemu ndogo ya waliomo nyumbani. Wengine ni mayai, buu, na pupa waliojifunika ndani ya vifuko, walio kwenye zulia, nyufa za sakafu na tandiko lake. Chana manyoya ya kiunoni juu ya karatasi nyeupe iliyoloweshwa. Vijichembe vyeusi vikiacha alama nyekundu, hiyo ni damu iliyomeng'enywa na kiroboto. Ukianza kutibu, tibu wanyama wote wa nyumbani kwa wakati mmoja, fua tandiko kwa maji ya moto, na usikate tamaa mapema, kwa sababu walio ndani ya vifuko wanaweza kungoja miezi kabla ya kutoka. Na soma lebo: dawa yenye permethrini inayomfaa mbwa inaweza kumuua paka.

Daktari yule alinipa kazi ya nyumbani. Nilinunua daftari na kuandika kila siku mistari miwili: amejikuna wapi, ngozi ikoje. Aliniambia niangalie hasa jambo moja, kipi kinatangulia, mwasho au vipele? Sikuwahi kufikiri kwamba mpangilio huo una maana, kumbe una maana kubwa. Kwenye mzio, mbwa hujikuna kwanza wakati ngozi bado inaonekana safi, ndipo vidonda hufuata. Shaba alikuwa kinyume. Vipele vilitokea, vikakaa siku mbili tatu, ndipo akaanza kujilamba.

Daftari lilifichua mengine niliyokuwa nayaita uzee. Alikuwa ameongezeka kilo 3 bila kuongezewa chakula. Alikuwa akitafuta jua hata siku yenye joto. Mkia wake ulikuwa umebaki na manyoya machache, na pale tumboni alipokuwa amenyolewa kwa ajili ya kipimo miezi minne nyuma, manyoya hayakuwa yameota. Kila moja peke yake nilikuwa nimeliona na kulipuuza.

Pia nilipima maji anayokunywa. Unajaza bakuli kwa chombo chenye alama, kesho yake saa ileile unapima kilichobaki, na unafanya hivyo siku tatu. Mbwa anayekunywa zaidi ya mililita 100 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku ana tatizo linalohitaji kutafutwa. Kiu kali, kukojoa sana, tumbo kuning'inia na ngozi kuwa nyembamba kama karatasi ni dalili za ugonjwa wa Cushing, ambapo tezi zilizo karibu na figo hutoa homoni ya kortizoli kupita kiasi. Shaba alikuwa na kilo 23 na hakufikisha hata lita moja, kwa hiyo daktari aligeukia tezi ya shingoni.

Vipimo vya ngozi alivyomfanyia vilichukua dakika chache tu, na bado naumia kwamba mwaka mzima hatukuvifanya. Kwanza alibandika utepe wa gundi kwenye ngozi akautazama kwa hadubini. Alikuta bakteria, na pia fangasi wa jamii ya hamira wamejaa. Ndiyo ile harufu. Antibiotiki haimgusi fangasi, kwa hiyo nusu ya tatizo haikuwa imetibiwa hata siku moja. Kisha alikwangua ngozi kwa wembe butu mpaka damu ikachungulia, akitafuta utitiri. Kuna utitiri wanaoishi kwenye vinyweleo vya karibu kila mbwa, na wakizaliana ghafla kwa mbwa mzee hiyo huwa ishara kwamba kinga imeshuka kwa sababu ya ugonjwa mwingine. Wapo pia wale wa upele unaoambukiza, ambao hupenda kingo za masikio na viwiko, na huweza kuwawasha binadamu. Shaba hakuwa na aina yoyote.

Kipimo cha damu kilitaka subira. Shaba alikuwa amechomwa sindano ya steroidi, ile ya kutuliza mwasho, muda si mrefu, na steroidi hushusha homoni ya tezi ionekane ndogo hata kwa mbwa ambaye tezi yake ni nzima. Ugonjwa wenyewe wa ngozi pia unaweza kuishusha kidogo. Daktari alisubiri, akatibu ngozi kwanza, kisha akapima homoni ya tezi pamoja na ile inayotoka kwenye ubongo kuichochea. Majibu yalionyesha tezi imelegea, yaani haitoi homoni ya kutosha. Tezi kulegea peke yake haiwashi. Kinachowasha ni maambukizi yanayoingia ngozi ikishakosa nguvu, na hapo ndipo daftari na damu vilikubaliana.

Sisemi steroidi ni mbaya. Mbwa anayejikuna mpaka anatoka damu anahitaji kupumzika usiku huo. Ila zikitumika mara kwa mara bila jibu zinaficha ugonjwa, zinapunguza kinga, na zikizidi zinaleta dalili zilezile za Cushing. Kama mbwa wako anameza vidonge vya steroidi, usivikatishe ghafla bila daktari. Na mbwa wazee wengi wana maumivu ya viungo: mwambie daktari kila dawa anayotumia, kwa sababu steroidi pamoja na dawa za kutuliza yabisi huweza kutoboa tumbo. Usimpe ibuprofeni wala paracetamol ya kwako.

Kuhusu mafuta ya mti wa chai, oili chafu ya gari na sabuni za kuulia wadudu wa mimea, nasema kwa moyo mzito kwa sababu najua watu huvitumia wakimpenda mbwa wao: vinachoma ngozi, na mbwa huvilamba. Usivitumie.

Shaba alianza vidonge vya homoni asubuhi na jioni, vya maisha. Ndani ya wiki mbili alikuwa akinipokea mlangoni tena. Manyoya yalichukua kama miezi mitano. Damu hurudiwa kupimwa wiki chache baada ya kuanza ili dozi irekebishwe. Sasa ana miaka 12, na vipele vilirudi mara moja tu, vichache, na shampuu ikavimaliza bila antibiotiki.

Shampuu hiyo ina klorheksidini, ambayo huua bakteria, na dawa ya fangasi. Wakati wa vipele tulimwogesha mara mbili kwa wiki, sasa ni mara moja. Povu likae dakika 10 kamili, ukiangalia saa, kabla ya kusuuza. Nilipokuwa nasuuza baada ya dakika mbili sikuona faida yoyote. Maji yawe vuguvugu, na chini weka mkeka usioteleza, maana mbwa mwenye magoti mabovu akiteleza mara moja ataichukia siku ya kuoga. Kausha vizuri kwenye mikunjo, makwapa na katikati ya vidole.

Dakika zile kumi nazitumia kumpekua kwa vidole. Midomo na pua, kuona kama rangi nyeusi inafifia au kuna kidonda kisichopona, kwa sababu saratani ya ngozi inaweza kufanana na ugonjwa wa kawaida unaorudia na hujulikana kwa kukata kipande cha ngozi kikapimwe. Kisha masikio, viwiko, chini ya mkia. Mwezi uliopita niligusa uvimbe laini nyuma ya kwapa la kushoto, sentimita 2. Niliandika tarehe na kipimo kwenye daftari, tukaenda, daktari akauchoma sindano na kutazama: mafuta tu.