Sekunde sita za kisu: kwa mnaoanza kuigiza ukatili wa vijana kwenye televisheni

Sini ya kijana kumchoma mwenzake kisu, ikipigwa vizuri, haizidi sekunde sita kwenye skrini. Skripti yenye dakika mbili za mapigano bado haijapata hadithi yake. Hadithi iko kabla ya kisu: deni la shilingi elfu mbili, picha ya binti iliyosambazwa kwenye kundi la darasa, kijana aliyechekwa mbele ya wenzake na hakuna mkubwa aliyemuuliza kitu. Tena iko baada ya kisu: mama anayehangaikia nauli ya kwenda hospitali ya Bugando, fomu ya polisi ya matibabu, PF3, iliyokunjwa mara nne kwenye mkono unaotetemeka, dawati darasani ambalo hakuna anayetaka kulikalia. Andikeni hayo kwanza, kisu kiandikwe mwisho.

Wengi mmeitazama Adolescence, tamthilia ya Uingereza ya mwaka 2025 kuhusu kijana anayetuhumiwa kuua, vipindi vinne ambavyo kila kimoja kilipigwa mfululizo bila kukata. Wanaoanza hutamani kuiga hiyo kamera isiyokatwa. Iacheni kwa sasa, inadai mazoezi ya siku nyingi na watu wengi waliokaa pamoja. Cha kujifunza pale ni namna ilivyoandikwa. Mwisho wa kipindi cha kwanza mtazamaji ameshajua nani ameua, na vipindi vitatu vinavyobaki vinauliza imekuwaje. Halafu haikuchukua kesi ya familia moja.

Hilo la mwisho kwetu ni kubwa zaidi, kwa sababu Mwanza watu wanajuana. Mwandishi hubadilisha jina la marehemu akadhani amemficha, lakini kaacha kwamba mama yake anaanika dagaa Mwaloni Kirumba, kwamba walikuwa watoto watatu, kwamba ilikuwa wiki ya mitihani. Kufika mapumziko ya matangazo, Kirumba nzima imeshamjua. Hapa mtu hutambulika kwa kazi ya mzazi, mtaa, idadi ya ndugu, shule, msimu na silaha kuliko jina. Badilisheni vyote sita. Mama auze mitumba Igoma au ashone nguo Buhongwa, tukio lihame kutoka masika kwenda kiangazi, panga liwe jiwe. Chukueni chanzo kutoka tukio moja, maneno ya wazazi kutoka jingine, na mwisho mtunge wenyewe. Kesi ikiwa bado mahakamani, au rufaa haijaisha, msiiguse.

Kwa wafiwa hatuendi siku za msiba. Subirini arobaini ipite, kisha mtanguliwe na mtu wanayemheshimu: mzee wa mtaa, shehe, katekista, shangazi. Mara ya kwanza bila kamera, bila maiki, simu mfukoni. Salamu zikamilike, mkaribishwe, mseme mlichokuja nacho kwa maneno mafupi. Wakikataa, shukuruni, muondoke, na msirudi kumshawishi mmoja wao pembeni. Familia ya aliyetenda nayo ina msiba wake. Ifikieni kwa heshima ileile, lakini siku nyingine na kwa mtu mwingine, jirani wasiione gari moja imeegeshwa nyumba zote mbili.

Sheria inakosewa sana kwenye skripti. Utakuta mtoto wa miaka 15 anavalishwa nguo za wafungwa na kupelekwa gereza la Butimba. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni yeyote aliye chini ya miaka 18, na inakataza mtoto kuhukumiwa kifungo cha gerezani. Kesi yake katika Mahakama ya Watoto husikilizwa faragha, mbele ya mzazi au mlezi na afisa ustawi wa jamii, na hairuhusiwi kumtangaza kwa jina wala picha. Ipo Shule ya Maadilisho Irambo, Mbeya, wanakopelekwa wenye amri ya mahakama. Kwa hiyo ile sini ya ukumbi uliojaa watu wanaozomea huku kamera za waandishi zikimulika haipo. Chumba kidogo, watu wachache, baba asiyejua mikono aiweke wapi: ndicho kitu halisi, na kinaumiza kuliko kelele.

Vibali visiwachukulie akili nyingi, ila msivikwepe. Bodi ya Filamu ndiyo inayotoa kibali cha kupiga picha, na afisa utamaduni wa wilaya ya Nyamagana au Ilemela atawaelekeza pa kuanzia. Sare za polisi haziazimwi kienyeji, ombeni kwa maandishi. Mwigizaji aliyevaa sare avae koti juu yake kila kamera inapozimwa, hata akienda kununua maji tu.

Sasa lokesheni, na hapa tunaomba msome taratibu. Neno “mwizi” lisipigiwe kelele nje, hata mara moja. Mitaa ya Mabatini na Igogo imepanda mlimani kati ya mawe makubwa, nyumba zimebebana, na sauti inaruka kutoka jiwe hadi jiwe. Mwenye duka la juu hazioni taa zenu wala kamera. Anasikia “mwizi!”, anamuona kijana anakimbia. Baada ya dakika moja mna watu thelathini wenye mawe halisi, na aliye mbele yao ni mwigizaji wenu. Pigeni sini ya kukimbiza kimyakimya, au waigizaji wapige kelele za namba: “moja! mbili!” Neno lenyewe lirekodiwe ndani, chumba chenye magodoro ukutani, kisha mhariri aliweke mahali pake. Siku moja kabla, pitieni kwa mwenyekiti wa mtaa, kituo cha polisi cha karibu, kijiwe cha bodaboda na maduka yote mita mia mbili kila upande. Asubuhi ya kazi rudieni tena, maana waliopo leo si wale wa jana. Aliyeigiza kukimbia afuatwe na mtu wenu mwenye fulana ya rangi kali, aliyekaa nje tu ya fremu.

Mapigano hupangwa kama ngoma, kwa hatua. Anayepigwa ndiye anayeongoza: yeye anaanza kuanguka, na mpigaji anamfuata. Akivutwa nywele au kukabwa, mikono yake mwenyewe ndiyo inayoshika mkono wa mwenzake na kuubana, na mkabaji hatumii nguvu yoyote. Ngumi ipite sentimita thelathini mbele ya uso, kamera ikae nyuma ya bega la mmoja wao ili nafasi ile isionekane. Mazoezi yaanze kwa mwendo wa polepole kabisa mara kumi, kisha nusu mwendo mara kumi, na siku ya kupiga msizidi robo tatu ya kasi. Kasi iliyobaki mhariri ataiongeza. Sauti ya pigo hupatikana kwa kupiga kitambaa kibichi juu ya meza, na ya mfupa kwa kuvunja muwa karibu na maiki.

Chagueni neno la kusimamisha kazi. Lisiwe “acha” wala “basi”, kwa sababu anayepigwa kwenye skripti huyasema hayo, na mwenzake atadhani bado anaigiza. Tumieni neno lisilo na nafasi kwenye hadithi, kama “Kamanga”. Likitamkwa na yeyote, hata mpishi, kila kitu kinasimama.

Panga la kuigizia hutengenezwa kwa soli za ndala. Kata umbo, pachika kijiti chembamba cha mwanzi katikati kikome sentimita tano kabla ya ncha, funika kwa gundi, kisha paka rangi ya fedha iliyochanganywa na gundi hiyohiyo. Bila gundi rangi hupasuka panga likikunjwa, na kamera huziona nyufa zile. Panga halisi lililotiwa butu ni la picha ya karibu peke yake, bila mtu mbele yake, na mtu mmoja tu ndiye analitoa na kulifungia. Hata lile la soli halitembei barabarani bila gunia.

Damu: sukari vikombe viwili, maji kikombe kimoja, chemsha hadi sukari iyeyuke, acha ipoe kabisa. Ongeza vijiko vidogo viwili vya rangi nyekundu ya chakula na kijiko kidogo kimoja cha kakao kilichokorogwa pembeni kwa maji ya moto. Kakao ikitiwa kavu huganda madonge. Ikikosekana, damu huonekana kama sharubati ya rozela. Damu iliyokauka huhitaji kakao mara mbili. Ya kumwagia nguo iongezwe matone ya sabuni ya vyombo ili ifulike, lakini hiyo isikaribie mdomo wala macho. Andaeni mashati matatu yanayofanana kwa kila anayejeruhiwa, na nembo ya shule iwe ya kubuni. Sukari huita nzi na nyuki, kwa hiyo chombo kifunikwe, na mwigizaji asilale chini na damu hiyo zaidi ya dakika kumi. Mkiwa ufukweni usiku, hasa mwezi ukiwa mchanga, wadudu wa ziwani huja kama moshi kwenye taa. Zimeni taa kila mnapomaliza teki.

Vijana wa kuigiza watenda ukatili tafuteni wenye miaka 18 na kuendelea wenye sura changa. Ikibidi mtoto awepo, ridhaa ya mzazi iandikwe, mzazi au mlezi awepo muda wote, na mtoto asione sini ya kuchoma wala kwenye kioo cha kamera. Pigeni uso wake peke yake, akimtazama mpira uliowekwa juu ya stendi. Sheria inakataza mtoto kufanya kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Jua letu huzama kati ya saa 12:30 na saa 1:10 jioni, na mwanga wa bluu unaofuata hukaa dakika kama ishirini. Hizo zinatosha kwa usiku mmoja wa mtoto, mkiwa mmeshafanya mazoezi mchana. Zaidi ya hapo, funikeni madirisha kwa vitambaa vyeusi mchana na mpige ndani.

Kila siku ya kazi, anayeigiza muuaji avuliwe nguo za uhusika, aoshwe, aitwe kwa jina lake na watu wote kabla ya kwenda nyumbani. Marufuku kumtania kwa jina la uhusika, kwa sababu utani huo humfuata shuleni na mtaani.

Msioneshe kisu kilikopatikana, kilivyofichwa kwenye begi, wala wapi hasa mwilini kiliingia. Mtazamaji wa miaka 14 hukumbuka namna kuliko onyo. Panga la Dar es Salaam nalo libaki Dar es Salaam: mkiwabandika vijana wa Mkuyuni jina la “panya road”, la magenge ya vijana wa Dar, na misimu ya Manzese, watoto wa huku watajua kwa sentensi ya kwanza kwamba hamkuwasikiliza. Kaeni kijiweni wiki mbili mkisikiliza tu. Mwisho wa kila kipindi wekeni namba 116, Simu ya Mtoto, ambayo hupigwa bure, ikae skrini sekunde kumi ili mtu aweze kuinakili.

Kabla ya kurushwa, familia iliyowapa maneno yake itazame kwanza. Nyumbani kwao, kwenye televisheni na si simu, mlango ukiwa wazi, na rimoti mkononi mwa mama. Kaeni nyuma yao. Akisimamisha, msimuulize kwa nini, ngojeni. Wakisema kile kilio kinafanana mno na cha siku ile, rudini mkakirekodi upya kabla faili halijafika kituoni.