Kikundi cha WhatsApp cha likelemba: acheni karatasi ya namba, tumieni msimbo wa QR

Likelemba nyingi za Goma, yaani vikundi vya kuchanga pesa na kuzipokea kwa zamu, huamua kufungua kikundi cha WhatsApp siku ya mkutano, kisha kazi inakwama kwenye karatasi ya namba za simu za wanamemba. Tatizo linajulikana: mtaa wetu wa Birere na mji wa Gisenyi wa Rwanda vinashikana, na wanamemba wengi hutumia laini ya Rwanda. Ukihifadhi namba inayoanza na 078 hivyo hivyo, WhatsApp iliyosajiliwa kwa laini ya Kongo inaisoma kama ya +243. Jina halitokei, nanyi mnasema mama yule hana WhatsApp. Namba hiyo iandikwe +250, halafu 78 na zinazofuata. Ile 0 ya mwanzo inatoka.

Njia nyepesi ni kutoandika namba kabisa. Fungua kikundi ukiwa na katibu na mweka hazina tu, uwape usimamizi papo hapo, maana simu huibwa. Gusa jina la kikundi, tafuta mahali pa kualika kwa kiungo, kisha fungua msimbo wa QR, ile picha ya miraba inayosomwa na kamera ya simu. Ongeza mwangaza wa skrini hadi mwisho, weka simu mezani, kila mmoja apite na kuuskani kwa simu yake. Asiye na mega, yaani data ya intaneti, agawiwe intaneti na jirani kwa dakika moja, inatosha. Asiyekuja mkutanoni atumiwe kiungo kwa SMS.

Kiungo kina hatari yake. Kila anayekipata anaweza kuingia na kuona namba za wote, na katika mji wetu hilo si jambo dogo. Kwa hiyo washeni idhini ya wasimamizi kwa kila anayeomba kuingia. Wote wakishaingia, wekeni kiungo kipya. Kile cha zamani kinakufa hata kama kimezagaa.

Tarehe ya kuchanga, kiasi na orodha ya zamu viandikwe kwenye maelezo ya kikundi, si kwenye ujumbe, kwa sababu ujumbe unazikwa na salamu za asubuhi. Kila mmoja azime pia upakuaji wa video wa kujiendesha, kwenye mipangilio ya hifadhi na data. Mama aliyemaliza mega zake kwa video za vichekesho ndiye anayekosa tangazo la mchango.

Wenye simu ndogo za batani wasiachwe. Kila mmoja apewe mwanamemba aliye jirani naye wa kumsomea matangazo, na zamu yake ya kupokea aambiwe kwa SMS jioni ya kuamkia siku yenyewe.