Jibu: Kwa nini wafalme walitoa vijaluba vya ugoro hata kwa wasiovuta?

Ndugu, umeuliza kwa nini mfalme wa Ulaya ya zamani ampe balozi kijaluba, yaani kikasha kidogo cha ugoro, cha dhahabu na almasi wakati balozi mwenyewe havuti ugoro, na kwa nini vingi leo vimebaki bila vito. Maswali hayo mawili yana jibu moja: ile ilikuwa pesa iliyovishwa heshima. Kumkabidhi balozi mfuko wa sarafu ingekuwa kumvunjia hadhi. Kijaluba chenye picha ya mfalme kifunikoni kilipokelewa bila aibu, kisha sonara akakinunua. Katika Ufaransa ya karne ya 18 kilichouzwa namna hiyo kiliweza kurudi ikulu na kutolewa tena kwa mgeni mwingine.

Mfano ninaoupenda, ingawa zawadi yenyewe ilikuwa picha, ni wa Benjamin Franklin, mjumbe wa Marekani nchini Ufaransa. Alipoondoka Paris mwaka 1785, mfalme Louis XVI alimpa picha yake ndogo iliyozungukwa na almasi 408. Katika wosia Franklin alimwachia picha hiyo binti yake Sarah, akimsihi asizigeuze almasi hizo kuwa mapambo. Sarah aliuza baadhi yake kugharamia safari ya Ulaya. Kwa hiyo pengo la kito si lazima liwe dalili ya wizi.

Ukitaka uzuri mtupu, tafuta vijaluba vya Friedrich II, mfalme wa Prussia (dola ya zamani ya Kijerumani), aliyevipenda kwa dhati: jiwe la kijani la Silesia, eneo ambalo leo sehemu yake kubwa iko Poland, na almasi zilizowekewa karatasi nyembamba ya metali yenye rangi chini yake ili zing'ae waridi au kijani. Baadhi vipo London, Victoria and Albert Museum.