Kwa wanaokusanya sahihi za mgombea huru

Jumamosi niliwakuta sokoni vijana wawili, fomu zimetandazwa juu ya gunia la viazi, mmoja anaita watu na mwingine anawaandikia wote kwa mwandiko wake, ati kuokoa muda. Tumbo likanikata. Wadogo zangu, hebu tuzungumze.

1. Mstari mmoja ujazwe wote, papo hapo, mwenyewe akiwa mbele yako na kitambulisho mkononi. Ukimaliza, ndipo umwite mwingine.

Kosa hili nalijua, na aliyeumia zaidi si mimi. Tulikuwa tukimsaidia mama mmoja mjane aliyetaka kuwania uwakilishi wa wadi. Katiba ya Kenya inamtaka mgombea huru wa wadi aungwe mkono na wapiga kura wasiopungua 500 waliosajiliwa humo. Siku ya soko foleni ilikuwa ndefu, nikaona nambari za vitambulisho zinanichelewesha. Nikawa nachukua jina na sahihi kwenye fomu, nambari naziweka kwenye daftari nizihamishe usiku. Usiku stima ikapotea. Nikahamisha kwa mwanga wa simu, macho mazito, nikaruka mstari mmoja. Kuanzia hapo nambari ya muuza samaki ikamwendea mtu wa boda, ya mtu wa boda ikamwendea mwalimu, hivyo hivyo mpaka jina la mwisho la siku ile. Hakuna hata mmoja wao aliyedanganya, lakini kwenye sajili hawakupatikana. Sahihi 541 zikabaki 463, na saa za kuwasilisha zimeisha. Mama alikunja karatasi zake polepole, akaniuliza kama nimekula. Nilishindwa kumjibu.

2. Uliza kura yake iko wapi, usiulize anaishi wapi. Mtu amezaliwa hapa, analima hapa, na kura iko Kayole.

3. Anayemuunga mkono mgombea huru asiwe mwanachama wa chama chochote, na wengi wamo vyamani bila kujua. Aangalie kwanza kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali.

4. Hakuna kumtilia mtu sahihi. Mzee mmoja alinishikilia nusu saa akitaka kuwatilia wake zake wawili na watoto sita, kwa kuwa nyumba ni yake. Nikamwomba nirudi jioni wakiwapo. Niliporudi, binti yake akasema hamtaki mgombea wetu, tena mbele ya baba. Nilimpenda mtoto yule.

5. Kusanyeni ziada. Okoa Kenya, kampeni ya kutaka kura ya maoni ya kubadilisha katiba, ilihitaji sahihi milioni moja, ikawasilisha zaidi ya hapo, na mwaka 2016 tume ya uchaguzi ikasema zilizo halali ni 891,598. Nyinyi mkitakiwa 500, pelekeni 800.

Jumamosi ijayo nitakuwa pale pale karibu na mizani. Njooni na fomu na rula, tuzipitie mstari kwa mstari.